Kosta Mlangoni kwa Mkwe

Siku mwanangu wa kiume alipoanza kugonga matairi ya gari langu kwa ncha ya kiatu, nilijua muda wangu kijijini Matongo umekwisha. Alikuwa akilizunguka taratibu, mikono nyuma, akisema kwa upole kwamba matairi haya yanaliwa na jua bure. Afadhali tuyatoe, gari tuliweke juu ya mawe, yeye anijengee kibaraza pale mlangoni, nikae kama mama za watu wengine. Ni mtoto mzuri sana, sina ugomvi naye. Ila nikayaangalia yale mawe aliyokwisha kuyakusanya pembeni, nikaona ni mimi anayetaka kunitoa matairi.

Gari lenyewe ni kosta kuukuu, basi dogo la abiria. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa dereva wa kambi ya watalii huko Serengeti, nikibeba magodoro, unga, mapipa ya maji na wakati mwingine wapishi wenyewe. Wanaume wa vijijini wakiniona kwenye usukani walikuwa wakichungulia nyuma yangu kumtafuta dereva. Kambi ilipoondoa magari yake ya zamani, wenzangu waligombea majokofu na viti vya kukunja. Mimi nikaitaka kosta. Ubavuni ilikuwa imechorwa twiga, lakini rangi ilikuwa imebanduka, akabaki shingo na masikio tu. Nikang'oa viti, nikaweka kitanda cha mbao, jiko la gesi, rafu ya vyombo iliyofungwa kamba ili sahani zisitembee, na mapazia ya kitenge. Mume wangu alikuwa ameshafariki, watoto wameshaoa na kuolewa, na hakukuwa na mtu wa kuniuliza nimerukwa na akili lini.

Wazo nililipata kwa wazee wa Kizungu. Walikuwa wanapita kambini, mume na mke, mvi kichwa kizima, ndani ya gari lenye kitanda na sinki. Bibi mmoja alinieleza kwamba wanazunguka kwa watoto wao hivyo hivyo. Wanaegesha nje kwa mmoja, wanakula naye, wanacheza na wajukuu, na kabla hajawachoka wanawasha gari wanakwenda kwa mwingine. Nilicheka siku nzima. Nilipostaafu niliacha kucheka.

Basi nikaanzia Matongo kwa mwanangu wa kiume, kama inavyotakiwa, maana kwetu Wakurya mama huzeekea kwa mtoto wa kiume. Tatizo la pale lilikuwa heshima. Mkamwana wangu alininyang'anya kila kitu chenye mpini. Nikishika jembe analichukua, nikishika mwiko anauchukua, nikishika ufagio anamwita mume wake aje aone. Majirani nao walikuwa wakimuuliza mwanangu, kwa sauti ya kutosha mimi kusikia, kama kweli ameshindwa kumjengea mama yake hata amemwacha alale kwenye gari. Akajenga chumba. Nikakisifu, nikaweka humo mahindi yangu, nikaendelea kulala kwenye kosta. Ndipo ikaja habari ya mawe.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulisema kwa sauti. Binti yangu alikuwa mjamzito. Ameolewa Morotonga, karibu na Mugumu, anafundisha shule ya msingi, na ndiye mtu pekee duniani ninayeweza kucheka naye mpaka tushike ukuta bila kukumbuka tulianza kucheka nini. Nilitaka kuzeeka karibu yake. Kumtembelea nilishamtembelea vya kutosha. Sasa nilitaka awe ananiona kila asubuhi nikiwa sijachana nywele.

Shida ni kwamba mama wa Kikurya halali kwa mkwe wake. Haijaandikwa popote, ni aibu tu, lakini sijaona askari anayetii sheria kama mtu wa kwetu anavyoitii aibu ile. Mama mkwe na mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja wenu anakumbuka kitu alichosahau nyumbani. Ukienda kumwona binti yako unafika asubuhi na kuondoka jua lingali juu. Wako vijana wa mjini wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini hata hao, mama mkwe akiingia sebuleni, utawaona wanatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kupokea simu ambayo haijaita.

"Unakwenda kwa mkwe, mama?" mwanangu aliniuliza nilipokuwa nakagua oili. "Utalala wapi?"

"Kwangu," nikamwambia, nikafunga boneti.

Nikavuka daraja la Mto Mara, nikala vumbi hadi Mugumu, nikafika Morotonga, nikaegesha nje ya uzio wa minyaa wa mkwe wangu, ng'ambo ya njia ya ng'ombe, mkia wa kosta umeelekea geti lake. Sikuwa ndani ya boma lake wala chini ya bati lake. Nilikuwa nyumbani kwangu, na nyumba yangu kwa bahati ilikuwa imesimama mlangoni kwake.

Mkwe wangu naye ni Mkurya, ukoo wao ulihamia upande huu zamani, na kazi yake ni kuchomelea mageti na madirisha mjini Mugumu. Asubuhi ya kwanza alipotoka na pikipiki akakuta shingo ya twiga imesimama mbele yake, alizima, akairudisha pikipiki kinyumenyume, halafu nikasikia panga likikata minyaa upande wa pili wa boma. Tangu siku hiyo akawa anapita huko. Jioni simu yangu ikaita.

"Shikamoo mama," ikasema sauti yake. Nilikuwa naisikia mara mbili, kwenye simu na nyuma ya uzio.

"Marahaba, mwanangu."

Hapo tukagundua kwamba kwenye simu hakuna uso, kwa hiyo na aibu yake ni ndogo. Akawa ananipigia kila jioni, yeye amekaa upande wake wa minyaa na mimi upande wangu. Alinisimulia geti la mtu lililokataa kunyooka, mpira wa jana, na ng'ombe aliyeingia kwenye bustani ya mchungaji siku ya ibada. Mimi nilimwambia mnyororo wa pikipiki yake umelegea, maana nilikuwa nausikia. Alinichimbia choo changu mwenyewe, nje ya uzio, bila kuombwa, kwa sababu mama mkwe kukutana na mkwe kwenye njia ya choo ni balaa ambalo hata simu haiwezi kulisaidia. Alipomaliza akanitumia ujumbe: Mama, kile kitu kiko tayari. Nilimpenda sana mtu yule, na sura yake sikuwa naijua vizuri. Hata siku ya harusi nilimwona kisogo.

Majirani ndio waliopeleka habari kwa baba yake. Mzee huyo anakaa ng'ambo ya Mugumu na ndiye mkubwa wa ukoo wao. Alikuja kwa miguu, fimbo mkononi, akalizunguka gari langu taratibu, mikono nyuma. Nikajisemea, huyu naye anatafuta mawe. Akaomba kuchungulia ndani. Kitanda, akasema. Jiko. Pazia. Akahamia mbele, akaangalia usukani, kisha akaomba nipige honi. Nikapiga. Ng'ombe zizini wakageuka wote.

"Kama linatembea, ni gari," akasema baada ya kufikiri sana. "Mtu anaweza kuegesha gari. Lakini nisije nikakuta nyasi zimeota kwenye matairi. Zikiota, hiyo ni nyumba, na wewe utakuwa umehamia kwa mkwe wako. Hapo itabidi urudi Matongo."

Nilikubali. Nikaahidi kulisogeza kila siku ya mnada, na nikalisogeza. Mnada huu nakwenda mbele kidogo, mnada ujao narudi nilipokuwa. Wamama wa jirani wakisikia injini walikuwa wanatoka mbio na vikapu vyao, wanapanda, wanajipanga kitandani kwangu, wanaanza kusalimiana. Nikishafika kwenye kichuguu cha pili nazima. Wanabaki wamekaa wananitazama. Mmoja aliniambia amepanda magari mengi mabovu maishani lakini hili ndilo la kwanza kumfikisha karibu zaidi na nyumbani kwake. Ilibidi mara mojamoja niwapeleke sokoni kweli, kwa ajili ya ujirani.

Kisha mjukuu akazaliwa, mtoto wa kike, na mimi nikasahau habari za nyasi. Kila asubuhi, pikipiki ikishaondoka, naingia bomani. Naogesha mtoto, nakoroga uji, namwambia binti yangu alale, halali, tunaanza kucheka. Alasiri natoka kabla mkwe hajarudi. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama zile, na mtu akiwa na furaha mikono yake haitulii. Nikapanda sukuma wiki nyuma ya kosta. Nikafunga kamba ya nguo kutoka kwenye bampa ya nyuma hadi kwenye nguzo niliyoichimbia kandokando ya njia, nikaanika nepi. Nikaweka mafiga mlangoni, maana maharage ya gesi hayana ladha. Masika yakaanza. Udongo wa pale ni mweusi, ukilowa unakamata chochote kilichosimama juu yake. Betri nayo nilikuwa naitumia kwa taa, redio, na kuchaji simu za nusu ya mtaa. Siku ya mnada ikifika mvua inanyesha, nasema nitasogeza ikikatika.

Asubuhi moja mkwe akanipigia, wakati si kawaida yake kupiga asubuhi. Alisema baba yake yuko njiani anakuja kumwona mtoto.

"Mama," akasema, "umeangalia chini ya gari?"

Nikashuka nikaangalia. Nyasi zilikuwa zimefika kwenye nati za matairi, na ndani yake kuku wa jirani alikuwa ameatamia. Nikaona ile safari ya Matongo, kile chumba kizuri, mkamwana akininyang'anya ufagio, na mjukuu wangu akikua kwenye simu. Nikachukua panga nikafyeka, lakini mzee yule amechunga ng'ombe tangu utoto, nyasi iliyokatwa leo anaijua kwa harufu. Na matairi yenyewe yalikuwa yamezama. Ilikuwa lazima kosta itoke pale na aikute inanguruma mahali pengine. Nikageuza ufunguo. Betri haikusema hata neno moja.

Wanaume wote wa karibu walikuwa wamekwenda msibani kijiji cha pili. Walikuwepo wamama wawili wa jirani, binti yangu mwenye mtoto mgongoni, na mkwe nyuma ya minyaa. Mbele ya kosta mvua ilikuwa imechimba mtaro, kwa hiyo njia ilikuwa moja tu, kurudi nyuma, na gari la kurudi nyuma linasukumwa kutoka mbele. Sasa kosta haina pua. Anayeisukuma kutoka mbele anakuwa uso kwa uso na dereva, katikati yao kioo tu. Na dereva ni mimi. Mkwe anajua pikipiki, binti yangu anajua baiskeli.

Simu ikaita tena. Akasema amefikiria, atasukuma kwa mgongo.

Akatokea kwenye upenyo wake wa minyaa akitembea kinyumenyume, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi, simu sikioni. Wamama wakamwelekeza kushoto, kulia, hapo hapo. Akaegemeza mgongo kwenye uso wa kosta, akakita visigino. Mimi nimeweka gia ya nyuma, nimekanyaga klachi, simu nimeiweka kwenye dashibodi kwa sauti kubwa. Akasukuma. Gari likatikisika, yeye akateleza taratibu hadi akakaa kwenye tope. Akainuka, akasukuma tena, akakaa tena. Wamama walikuwa wanasukuma ubavuni kwa nguvu moja na kucheka kwa nguvu mbili. Mara ya tatu hakuinuka haraka. Nilisikia pumzi yake kwenye simu.

"Mama, kwa mgongo halitoki."

"Naona, mwanangu."

"Baba amekaribia. Nigeuke?"

Nilimwangalia binti yangu pale kando ya mtaro. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, na macho yamemjaa machozi, sijui ya kicheko au ya nini.

"Geuka," nikasema.

Akageuka. Akavua kofia, akaweka viganja viwili kwenye kioo mbele yangu, akanitazama. Na mimi nikamwona. Alikuwa mjukuu wangu mwenye masharubu. Paji lile lile lenye vinundu viwili, na mdomo ule ule unaojikunja kabla ya kulia. Kumbe nilikuwa namwogesha mkwe wangu kila asubuhi bila kujua. Nilijisikia kumpenda kwa macho kama nilivyokwisha kumpenda kwa masikio, na nikasahau kuona aibu.

Akasukuma. Tope likatoa sauti, gari likaachia, nikaachia klachi, injini ikashika na kutoa moshi mweusi. Mimi, dereva wa miaka yote ile kwenye njia za simba na makorongo, sikuangalia kioo cha nyuma. Nilikuwa namwangalia mkwe. Kosta ikarudi nyuma kwa kasi, ikakanyaga sukuma wiki yangu, ikavuka njia ya ng'ombe ikiburuza kamba yenye nepi zote na gauni langu la kanisani, ikapita kwenye geti ambalo mkwe alilichomelea kwa mikono yake, namshukuru Mungu lilikuwa wazi. Nilipopata breki nilikuwa katikati ya boma la mkwe wangu, kati ya jiko na zizi.

Mzee alikuwa amekaa barazani. Kwa kukwepa tope la njia kuu alikuwa amepitia kwenye upenyo wa minyaa, ule mpya, na kuvuta kigoda mwenyewe. Binti yangu akakimbia kumpokea, akamsalimia, na kwa kukosa la kufanya akamfungua mtoto mgongoni akampakatisha mzee. Mzee akatazama mkia wa kosta, nepi zilizotapakaa, tope, kisha akanitazama mimi kwenye usukani. Nikashika ufunguo nizime, kwa heshima.

"Usizime," akasema, fimbo juu. "Likiwa linanguruma bado ni gari."

Sikuzima. Mzee akaletewa chai, akanywa huku kikombe kinatetemeka na kigoda kinatetemeka. Alimuuliza binti yangu habari za shule kwa kupiga kelele, naye akamjibu kwa kupiga kelele. Mkwe alikuwa amejificha nyuma ya ghala, tope hadi kwenye masikio, mpaka baba yake akamwambia, mura, yaani kijana, toka huko, nani hajakuona. Akatoka, akasimama akitazama mbingu. Kuku wote walihama. Mtoto tu ndiye aliyefurahi. Alilala kwa ule mngurumo kama hajawahi kulala tangu azaliwe, mdomo wazi, juu ya mapaja ya babu yake.

Geji ya mafuta ya kosta ilikufa kabla ya mimi kustaafu. Kwa hiyo sikujua lolote mpaka injini ilipokohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Boma zima likawa kimya. Mtoto akaamka akaanza kulia.

Tukamtazama mzee. Sikuwa na utani wowote moyoni wakati ule. Nilikuwa nimeshika usukani wa gari lililozimika ndani kwa mkwe, na nilikuwa naogopa kweli.

Mzee akamtikisa mtoto magotini. Mtoto hakunyamaza. Akajaribu kunguruma kidogo kwa koo, kama injini, na mtoto akapunguza sauti, akamsikiliza.

"Mafuta?" akaniuliza.

"Yameisha, mzee wangu."

Akanguruma tena kidogo, akimwangalia mtoto.

"Basi, gari halijafika," akasema. "Limeishiwa njiani. Mtu aliyeishiwa mafuta njiani huwezi kusema amehamia. Akipata mafuta, ataondoka." Kisha akaniambia nishuke nije nimchukue huyu, amemlowesha.

Hiyo ilikuwa masika, na sasa ni kiangazi. Kosta ipo pale pale, kati ya jiko na zizi. Mkwe anapita kituo cha mafuta kila siku kwenda na kurudi kazini, na nyuma ya pikipiki amefunga dumu la njano kwa waya, watu wote wa Morotonga wanaliona. Mzee naye anakuja mara kwa mara. Anamchukua mtoto, anamngurumia, anatazama nyasi zilizopanda hadi kwenye taa, halafu anauliza kama mafuta yamepatikana. Sote tunasema bado.

Mkwe na mimi bado hatutazamani. Tulitazamana siku moja na imetutosha. Jioni nasikia pikipiki, nasikia dumu tupu likigonga ukuta anapolishusha, kisha simu yangu inaita kutoka upande wa pili wa jiko.

"Shikamoo mama. Mafuta nimesahau tena."

"Marahaba, mwanangu. Pole, una mambo mengi."

"Kesho nitajitahidi."

"Usijichoshe," namwambia, na mnyororo wa pikipiki namkumbusha aukaze.